Karatasi za Anayeondoka

Mwaka ule Waingereza walipokuwa wanatafuta waziri mkuu mpya, mimi nilikuwa mtaalamu wa Uingereza wa mtaa mzima. Sijawahi kukanyaga huko. Nilifundisha uraia kwenye shule za sekondari kwa miaka mingi, nikastaafu, nikabaki na mdomo. Asubuhi nilikaa kwenye benchi la muuza kahawa hapa Chang'ombe, Dar es Salaam, mbele ya karakana za wachomelea mageti, na watu waliokuja kusoma vichwa vya habari bure kwenye meza ya magazeti walinigeukia mimi niwafafanulie. Nilipenda jambo hilo. Nililipenda kupita kiasi, na leo nalisema bila kujitetea.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Waingereza walikuwa wamepiga kura kujitoa kwenye umoja wa nchi za Ulaya, na miaka ikapita bado wamo. Wengine walitaka kutoka hata kesho asubuhi, bila mkataba wowote. Wengine walitaka kutoka taratibu, mguu mmoja nje mmoja ndani, na wengine hawakutaka kabisa. Waziri mkuu aliyekuwapo alipeleka mkataba bungeni ukakataliwa, akaurudisha ukakataliwa tena, mwisho akabwaga manyanga. Sasa chama tawala kilikuwa kinamtafuta wa kukalia kiti, na wagombea walishindana kuapa nani atakayeitoa nchi haraka zaidi.

"Kwa hiyo wananchi wa kawaida hawapigi kura?" aliuliza jirani yangu, mchonga vinyago wa Kimakonde ambaye hakuwahi kuja kwenye benchi bila kipande cha mti mkononi.

"Hawapigi. Wanapiga wanachama wa chama tawala tu. Kadi unayo, unapiga. Huna, unatazama."

"Kama kura za maoni za ndani ya chama za kwetu."

"Kama hizo. Ila wenzetu karatasi inakujia nyumbani kwa posta, unaweka tiki, unairudisha kwa posta."

"Kwa posta!" Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mie barua toka Newala inanifikiaga nishasahau niliuliza nini. Hao watampata waziri mkuu akiwa kashastaafu."

Benchi zima likacheka, nami nikacheka, lakini nikaendelea, maana mwalimu akishapata darasa haliachii. Nikawaeleza habari ya mpaka wa Ireland. Nikawaeleza ushuru wa forodha. Nikachora ramani mchangani kwa kijiti, na fundi mmoja akazima mashine yake ya kuchomelea ili asikie vizuri. "Ticha," akasema, "ungekuwa huko we ungegombea." Siku hiyo nilirudi nyumbani kifua mbele, nikamsimulia mke wangu, naye akaniuliza kama nimekumbuka kununua mkaa.

Jambo ambalo sikuwaambia pale kwenye benchi ni kwamba mwanangu alikuwa ndani ya habari ile.

Tulijaliwa mtoto mmoja tu, wa kike. Alikwenda Uingereza kusomea uuguzi, akamaliza, akapata kazi kwenye nyumba ya kulea wazee katika mji mdogo ambao jina lake lilinishinda kulitamka, na huko huko akaolewa na Mreno. Mkwe wangu nilimwona mara moja tu, walipokuja kujitambulisha. Alikuwa mtu mpole, dereva wa lori la mboga, akala ugali kwa mkono bila kufundishwa na akamwamkia mke wangu shikamoo kwa lafudhi iliyowafanya majirani wachungulie dirishani. Baadaye wakapata binti. Mwanangu aliruhusiwa kuishi kule kwa sababu ya mume, na mume aliruhusiwa kwa sababu Ureno na Uingereza zilikuwa kwenye umoja mmoja. Uingereza ikitoka, mambo yao yanakuwaje? Hilo ndilo lililokuwa linanichoma wakati benchi linacheka.

Alikuwa akipiga simu kila Jumamosi mchana. Jumamosi moja, wagombea wakiwa bado wanazunguka kuomba kura, akaanza hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huko wanasemaje?"

"Kelele tu baba. Kila mtu na lake. Ila tumeletewa barua."

Akanisomea. Alisoma polepole, kwa Kiingereza chake kizuri, akisimama kwenye kila nukta kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo. Barua ilisema kwamba watu wa Ulaya waliokwisha kukaa kule, pamoja na wake na waume zao, wajiandikishe. Wakishajiandikisha wataendelea kuishi na kufanya kazi kama kawaida, hata nchi ikitoka. Ilikuwa barua nyepesi. Mtoto wa kidato cha pili angeielewa.

"Usijiandikishe," nikamwambia.

"Kwa nini baba?"

"Hizo ni karatasi za anayeondoka. Subiri kwanza tumwone anayekuja."

Nadhani hapa inabidi nieleze habari ya nyumba ya Mabibo, vinginevyo utaniona nimechanganyikiwa tu.

Tulijenga Mabibo, kando ya barabara, si mbali na soko. Tulijenga kwa miaka kumi na mitano, chumba baada ya chumba, mke wangu akiwa karani na mimi mwalimu. Kiwanja nilikuwa na barua yake ya ofa ya kumilikishwa, imesainiwa na kupigwa muhuri, nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la nguo. Siku moja wakaja vijana wa idara ya barabara, wenye fulana za kung'aa na madaftari. Walikuwa na adabu sana. Waliuliza majina yetu, waliuliza tumekaa pale tangu lini, wakaandika. Mke wangu akawapa maji ya kunywa. Walituambia ni kumbukumbu tu.

Baada ya hapo mkubwa wao akahamishwa, akaja mwingine. Huyo mwingine hakuja na daftari, alikuja na rangi nyekundu. Tuliamka tukakuta X ya kubomolewa kwenye ukuta wa mbele, kubwa, inachuruzika. Nikaichukua barua yangu ya ofa, nikavaa shati la kanisani, nikaenda ofisini kwake. Aliiangalia, akasema aliyeisaini hayupo tena. Akanirudishia.

Sasa kuna utaratibu ambao haufundishwi popote lakini kila mwenye nyumba Dar es Salaam anaujua. Ukishawekewa X, husubiri katapila. Unaita fundi. Unavua mabati kwanza, halafu kenchi, halafu madirisha na grili zake, milango na fremu zake, mpaka sinki la choo. Katapila likifika linakuta matofali matupu, na wewe na mabati yako mko salama mahali pengine, mnaanza upya. Majirani zangu wote walifanya hivyo. Mtaa mzima ulisikika nyundo wiki nzima. Mimi nilikataa. Nilisimama barazani na barua yangu, nikiwaeleza watu katiba na haki ya kumiliki mali, ibara kwa ibara. Mke wangu alinisihi. "Baba, tuvue hata bati za uani." Nikamwambia hii ni nchi ya sheria.

Katapila lilikuja asubuhi ya Jumatatu. Tuliwahi kutoa friji, magodoro na sanduku la nguo. Vingine vyote vilikwenda na ukuta: mabati, kenchi za mbao nzuri za Songea nilizozisafirisha mwenyewe, milango ya mninga. Nililia mbele za watu, na wanafunzi wangu wa zamani wakiwamo. Jirani yetu aliyevua mapema anaishi Chamazi mpaka leo chini ya mabati yale yale. Sisi tukahamia vyumba viwili vya kupanga Chang'ombe.

Kwa hiyo niliposomewa ile barua ya Waingereza, nilisikia mambo matatu. Wanaandika majina, na kuandika majina ndiko kunakotangulia rangi nyekundu. Wametoa karatasi, na karatasi ni ya aliyeisaini, akiondoka inaondoka naye. Na kiongozi mpya yuko njiani. Kwetu kiongozi mpya akiapishwa Alhamisi, Ijumaa anatoa agizo, na Jumatatu mtu hana kazi au hana ukuta. Sikuweza kufikiria nchi ambayo waziri mkuu mpya anaingia ofisini na karatasi za aliyemtangulia zinaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilifundisha jambo hilo ubaoni kwa maisha yangu yote, utawala wa sheria, tafsiri yake na sifa zake, na sikuliamini hata kidogo.

Mke wangu alisikia mazungumzo yale akiwa anachambua mchele.

"Mwache mtoto na mume wake," akasema.

"Sijamkataza chochote. Nimemshauri."

"We unamshauri habari za katapila. Nyumba yetu hawakuivunja Waingereza."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba yeye siasa za nje hazijui. Aliinua ungo akapepeta, na kwa siku tatu alinijibu kwa "ndiyo" na "hapana".

Waziri mkuu mpya akapatikana. Nilimwona kwenye televisheni ya mgahawa wa karibu na karakana, amesimama mbele ya ule mlango mweusi wa nyumba yao ya serikali, akisema nchi itatoka kwenye umoja siku iliyopangwa, liwe liwalo. Mgahawa mzima walikuwa wanakula chapati na maharage, hakuna aliyejali. Mimi nilisukuma sahani yangu pembeni. Alikuwa na haraka, na mimi namwogopa mtu mwenye haraka akishapewa muhuri. Nilitoka nje nikapiga simu mwenyewe, katikati ya wiki, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

"Fungasha," nikamwambia. "Vua mabati mapema."

"Baba, mume wangu anasema hakuna shida. Wenzake kazini wameshajiandikisha, imechukua dakika chache tu, kwa simu."

"Na wewe?"

"Mie nimesubiri, kama ulivyosema."

Nilijisikia vizuri aliposema hivyo. Mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, muuguzi, mama wa mtoto, amesubiri kama nilivyosema. Nikamwambia tena na tena, kwa wiki kadhaa. Nilimwambia watakuja kuwatoa asubuhi mtoto akiwa anavaa viatu vya shule. Nilimwambia bora utoke kwa miguu yako, na nguo zako kwenye sanduku. Alilia. Mumewe alichukua simu mara moja, akaniambia kwa Kiingereza cha kukatakata, "Baba, hapa ni salama." Nilimwambia nyumba yangu nayo ilikuwa salama.

Alikuja wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Walikubaliana na mumewe kwamba yeye na mtoto watangulie, mume abaki aone upepo, kisha ama awafuate ama awarudishe. Uwanja wa ndege mjukuu wangu alitoka amevaa koti la sufu, jasho linamtiririka, akiongea Kireno na mama yake na Kiingereza na sisi. Nilimbeba. Alinishika shingo. Nisidanganye: ilikuwa siku ya furaha kuliko zote tangu nyumba ilipovunjwa.

Siku iliyopangwa ikafika, na Uingereza haikutoka. Wakaahirisha.

"Ticha," mchonga vinyago aliniambia kwenye benchi, anakwangua mguu wa kinyago bila hata kuniangalia, "siku yako si ilikuwa jana? Mbona bado wamo?"

"Subiri."

"Sie tunasubiri. Hatuna pa kwenda."

Watu wakacheka, na safari hii sikucheka nao.

Mwanangu alipata moyo tu. Akaanza kusema kwamba baada ya Krismasi atarudi, mtoto arudi shule, naye asipoteze nafasi yake kazini. Ningesema "nenda" wakati ule, yote haya yangekuwa hadithi ya likizo ndefu ya mjukuu wetu Dar es Salaam. Sikusema. Nilisema subiri mpaka watoke kweli, tuone. Walipotoka kweli, mwanzoni mwa mwaka, nikasema subiri tuone agizo la kwanza. Alipoanza kuulizia ndege kwa nguvu, presha yangu ikapanda. Presha ninayo, daktari anajua, lakini siku ile haikupanda kiasi cha kujishika kifua vile nilivyojishika. Mwanangu muuguzi alinipima mwenyewe. Aliangalia kipimo, akaniangalia mimi, akaweka kipimo mezani. Akaahirisha safari.

Halafu ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima, na ndege zikasimama.

Hapo mambo yalitoka mikononi mwangu na mikononi mwake. Miezi ikapita. Kule Uingereza kulikuwa na sharti kwamba mtu wa namna yake akikaa nje muda mrefu, anahesabiwa amehama. Jina lake halikuwa kwenye orodha, kwa sababu nilimkataza kuliandika. Mumewe aliandika la kwake akiwa jikoni, alituambia mwenyewe, alipiga picha pasi yake ya kusafiria kwa simu huku chai inachemka, na majibu yakaja: endelea kuishi. Wareno wenzake wote walipata. Waliokuwa na wake wa Kiafrika, wake zao walipata. Hakuna aliyekuja na rangi nyekundu.

Ndege ziliporudi angani, mwanangu alianza kuomba upya, kama mtu asiyewahi kuishi kule. Fomu, vyeti, picha, barua ya mwajiri ambaye alikuwa ameshaajiri mwingine. Walimjibu hapana. Aliomba tena, wakamjibu hapana kwa maelezo marefu zaidi. Mimi nilimsaidia kuandika ile rufaa. Niliandika kwa Kiingereza cha kisheria, kurasa nne, na nilikuwa najivunia lugha yake mpaka siku ile jibu lilipokuja.

Ndoa yao haikuvunjika kwa kelele. Mume alipiga simu kila siku, kisha siku moja moja, kisha Jumapili. Mtoto alipoteza Kireno kwanza. Nakumbuka mchana mmoja baba yake alikuwa kwenye kioo cha simu, anamwambia jambo, anatabasamu, na mtoto akamgeukia mama yake kumuuliza, "Anasemaje?" Nilimwona mkwe wangu usoni. Nilitoka nikaenda kusimama uani, nikajifanya naangalia nguo kama zimekauka. Mwaka uliofuata alitwambia, kwa upole ule ule aliokula nao ugali wangu, kwamba amepata mtu. Mwanangu alimwambia asante kwa kusema. Akazima simu, akaenda kununua nyanya.

Mke wangu hajawahi kuniambia "nilikwambia". Ningependelea aseme.

Sasa mwanangu anafanya kazi Kawe, kwenye nyumba ya mzee mmoja tajiri aliyepooza upande mmoja. Anamgeuza kitandani, anampa dawa, anamsomea magazeti. Kazi ile ile aliyokuwa akiifanya Uingereza, ila huku hakuna wenzake wa kupokezana nao, na mama mwenye nyumba anamwita "dada" kwa sauti ya kuita mfanyakazi wa ndani. Anaondoka alfajiri. Mjukuu wangu yuko shule ya hapa jirani, Kiswahili chake ni cha mtaani kabisa. Juzi nilimwuliza kazi za nyumbani, akanijibu, "Babu, hiyo ishu nishaimaliza kitambo." Nilicheka, kisha nikakumbuka koti lake la sufu.

Waziri mkuu yule mwenye haraka naye alikwenda. Wengine wamekuja baada yake na wamekwenda, wengine upesi mno, mpaka benchi la kahawa liliacha kuhesabu. Kila walipokuwa wanamtafuta mwingine, watu walinigeukia. Mchonga vinyago alinisogezea kikombe.

"Haya Ticha, huyu naye vipi?"

"Sijui," nilimwambia.

"Hujui?"

"Sijui mzee mwenzangu. Sijui chochote habari za huko."

Yeye ndiye mtu pekee pale benchini aliyekuwa anajua habari ya mwanangu kwa undani, na nadhani alielewa, kwa sababu alianza kuwasimulia wengine habari ya mteja wake mmoja mbishi, hadithi tuliyokuwa tumeshaisikia mara nyingi, na watu wakamgeukia yeye.

Nilikaa na jambo moja ambalo sikuwa nimemwambia mtu, wala mke wangu. Kila nilipojilaumu nilijilaumu kwa ujinga. Nilisema nilikosea kusoma nchi ya watu kwa macho ya Mabibo, nilidhani kiongozi mpya huko ni sawa na kiongozi mpya huku, niliumwa na katapila nikaogopa kila kinachounguruma. Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli inayonipendelea. Mzee aliyepoteza nyumba, akamhofia mwanawe: nani atamlaani huyo?

Ile barua niliielewa. Niliielewa Jumamosi ile ile, neno kwa neno. Na moyoni, chini kabisa ya kelele zangu, nilijua kuna uwezekano mkubwa kwamba ni barua ya kweli.

Wiki iliyopita, Jumapili baada ya ibada, mwanangu alikuwa ananyoosha sare za mtoto, mimi nimekaa kitandani kwa sababu chumba hakina kiti cha pili. Mke wangu alikuwa amekwenda kwenye sala ya jumuiya na mjukuu. Redio ilikuwa inataja tena habari za Waingereza na Ulaya, wanabishana kama walikosea kutoka. Nikaizima.

"Mwanangu," nikasema, "ile barua uliyonisomea kwenye simu. Ya kujiandikisha."

"Ndiyo baba."

"Niliielewa. Nilijua pengine mngebaki salama. Nilikwambia uongo."

Hakusimamisha pasi. Alimaliza kola, akageuza shati, akalinyoosha upande wa mgongoni.

"Najua baba. Umefundisha uraia miaka yote ile. Ningeaminije kwamba hukuielewa?"

"Sasa kwa nini ulikuja?"

Alikuwa na mikunjo miwili kando ya mdomo ambayo sikuwa nimeiona kabla.

"Ulikuwa unapiga simu kila siku. Unaongea habari za mabati, za rangi nyekundu, za waziri mkuu. Nikawa najiuliza baba ana nini. Mume wangu akasema, nenda kamwone mzee, hayuko sawa. Nikaja kukuona." Akalitundika shati kwenye msumari. "Nikakuta hutaki niondoke, na husemi."

Nilitaka kusema kitu kuhusu nyumba. Nilitaka kusema kwamba baada ya nyumba kwenda na kazi kwenda, vyumba hivi viwili vilikuwa kimya mno, na Jumamosi ilikuwa mbali. Mdomo uliolielimisha benchi zima ulikataa.

"Ungeniambia tu umenikumbuka, baba," akasema. "Ningekuja likizo, nikakaa na wewe mwezi mzima, nikarudi kwa mume wangu."

Akachomoa pasi ukutani, akaenda kuanua nguo zilizobaki.